Cheti cha Jana, Mgonjwa wa Leo

Katika nyumba nyingi za watumishi wa serikali cheti hutundikwa ukutani karibu na picha ya arusi. Huwekwa ndani ya fremu yenye kioo, na mgeni akiingia hukiona kabla hajakiona kiti atakachokalia. Hakuna ubaya katika jambo hilo, maana cheti ni jasho la mtu. Ubaya huanza pale mwenye cheti anapodhani kwamba siku aliyokipokea ndiyo siku aliyomaliza kujifunza. Kwa fundi cherehani dhana hiyo huleta suti ya mtindo uliopitwa na wakati. Kwa mtu anayeushika mwili wa mgonjwa, huweza kuleta kilema.

Leo napenda tuzungumze juu ya watabibu wa viungo, wale ambao hospitalini huitwa wataalamu wa fiziotherapia, na juu ya elimu wanayopaswa kuendelea kuipata baada ya kupewa leseni ya kazi. Huenda wasomaji wengine watauliza jambo hili linaingiaje katika ukurasa wa nyumbani, baina ya mapishi na malezi ya watoto. Linaingia kwa sababu kazi ya mtabibu huyu huanza hospitalini lakini humalizikia nyumbani: kitandani kwa baba aliyepatwa na kiharusi, mkekani kwa mtoto aliyechelewa kukaa, jikoni kwa mama ambaye kiuno kimemkamata. Tena mimi mwenyewe nilisomea ualimu kabla ya kuhamishiwa kazi ya ofisi ya wilaya hapa mashariki ya Uganda. Suala la mtu mzima kurudi darasani ninalifahamu kwa karibu.

Kazi ya mikono

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, ili kazi yao iheshimiwe na itenganishwe na ukandaji wa ovyo. Vita vikuu viwili, pamoja na ugonjwa wa polio, viliwaletea wagonjwa wasiohesabika, na mwaka 1951 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Copenhagen vikaanzisha shirika lao la dunia. Mtabibu wa viungo wa leo si mkandaji tu. Humfundisha mgonjwa wa mapafu namna ya kupumua na kutoa makohozi, humsimamisha aliyevunjika paja, na humzoeza kutembea aliyekatwa mguu.

Dawa ya vidonge ikibadilika, boksi jipya hufika dukani na la zamani huondolewa. Dawa ya mtabibu wa viungo imo mikononi mwake. Haibadiliki mpaka mwenye mikono abadilike. Ndiyo sababu elimu ya baada ya leseni ina uzito wa pekee katika kazi hii.

Kidole gumba kilichohamishwa

Mwaka 2019 nilijaliwa mtoto wa tatu, binti, ambaye alizaliwa nyayo zake zote mbili zimegeukia ndani na visigino vimevutwa juu. Hali hiyo huitwa mguu kifundo, na humpata mtoto mmoja au wawili katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa. Si laana, wala haitokani na mama mjamzito kukalia jiwe au kuruka kamba ya mbuzi, kama nilivyoambiwa na majirani waliokuja kunipa pole badala ya hongera. Kijijini kwetu yupo mzee aliyezaliwa hivyo hivyo na hakutibiwa. Ametembea maisha yake yote akikanyagia upande wa juu wa mguu, pale ambapo mwenzake hufunga kamba za kiatu. Kila siku ya gulio nilipomwona mzee yule akipita, nilimwona binti yangu.

Mtabibu aliyetupokea hospitalini alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache na mikono isiyo na haraka. Kwetu mhudumu wa afya huitwa musawo, naye aliitikia jina hilo kwa kila mtu. Huku akimshika mwanangu, alinieleza kwamba enzi za chuo chake yeye alifundishwa njia nyingine kabisa.

Njia hiyo ya zamani ilitokana na daktari J. Hiram Kite wa Atlanta, Marekani. Mtoto alifungwa plasta moja baada ya nyingine kwa miezi mingi, na bado watoto wengi waliishia kwenye upasuaji mkubwa, ambao mara nyingi uliwaachia miguu migumu yenye maumivu ukubwani. Aliyeona kasoro alikuwa daktari Ignacio Ponseti, aliyezaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, akaikimbia nchi yake baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Baada ya kuichunguza mifupa ya miguu ya aina hii, alitambua kwamba wenzake walikuwa wakibonyeza pahali pasipo pake. Kidole gumba cha mtabibu kinapaswa kuegemea kichwa cha mfupa wa talasi, upande wa nje, mbele kidogo ya kifundo. Wao walikiweka kwenye kiungo kilicho mbele yake, na kwa kufanya hivyo waliuzuia mguu usigeuke. Katika mguu wa mtoto mchanga, umbali kati ya mahali hapo pawili hauzidi upana wa kidole.

Dunia haikumsikiliza upesi. Njia yake aliianza mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini madaktari wengi walianza kuifuata baada ya mwaka 1995, yalipochapishwa matokeo ya wagonjwa wake waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 1996, alipotoa kitabu chake. Alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 95.

Sasa tafakari, ndugu msomaji. Mtabibu aliyepata leseni kabla ya miaka hiyo alikuwa na haki kamili ya kisheria ya kuwafunga watoto plasta, na huku kidole chake kiko pahali pasipofaa. Hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga. Alifanya kama alivyofunzwa na walimu wake. Hakuna kitu kingine ambacho kingeweza kukihamisha kidole hicho isipokuwa mafunzo aliyoyapata akiwa tayari kazini. Hapa Uganda mafunzo hayo yalianza kuenezwa mwanzoni mwa karne hii, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Makerere na wataalamu kutoka Kanada. Miongoni mwao alikuwamo Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda, ambaye alibuni njia rahisi ya kuupima mguu kwa dalili sita. Kwa njia hiyo hata mhudumu wa hospitali ya wilaya anaweza kuandika kila wiki kama mguu umepata nafuu au la.

Mwanangu alifungwa plasta sita, moja kila wiki, kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Kisha alichomwa sindano ya ganzi, kano ya kisigino ikakatwa kwa jeraha dogo, na plasta ya mwisho ikakaa wiki tatu. Ilipotolewa, nyayo zake zilikuwa zimenyooka. Nililia pale pale.

Mlango uliofungwa

Kati ya wiki hizo kulitokea jambo lililonifundisha zaidi. Asubuhi moja tulifika tukaukuta mlango wa musawo umefungwa, na karatasi imebandikwa: yuko semina siku tatu. Watoto wa plasta tulipokewa na mwenzake, lakini wagonjwa wengine waliambiwa warudi wiki ijayo. Baba mmoja, aliyemleta mkewe kwa baiskeli kutoka mbali, alisema kwa uchungu, "Semina, semina. Wao wanakwenda kula posho, sisi tunakula vumbi." Watu benchini walitikisa vichwa kukubali. Nami sikuweza kumlaumu, kwa kuwa ofisini kwetu nimeona semina ambazo matunda yake yaliishia kwenye hesabu za posho.

Musawo aliporudi alinikabidhi viatu maalumu vya mtoto, vilivyounganishwa kwa chuma, ambavyo huvaliwa saa 23 kila siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka mtoto afikishe miaka minne au mitano. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Nani hulala na mtoto huyu?" Nikamjibu kwamba mara nyingi hulala na bibi yake, kwa sababu mimi huamka alfajiri kwenda kazini. "Basi wiki ijayo njoo na bibi."

Mama mkwe wangu alikuwa na maoni yake juu ya viatu vile. Aliona kumlaza mtoto miguu imefungwa kwenye chuma ni kumfanya mateka, na usiku mtoto alipolia, alimvua. Tulipofika, musawo alimpa kiti chake mwenyewe akakaa, akampa kiatu akishike mkononi. Akamwambia kwa heshima, "Mama, mimi nimeifanya kazi ya wiki tisa. Kazi ya miaka minne ni yako. Sababu kubwa ya miguu hii kurudi ilikotoka ni viatu kuvuliwa nyumbani. Mtoto hulia siku chache, kisha huzoea." Akamwonyesha namna ya kuvuta soksi isikunjike, namna ya kuikagua ngozi kila anapomvua, na namna ya kumchezesha kwa kuyakunja magoti yote mawili pamoja.

Nilipomuuliza baadaye, musawo aliniambia kwamba zamani maelezo ya viatu aliyatoa kwa mama wa mtoto tu, tena kwa dakika mbili mlangoni. Katika semina ile walijadili watoto waliorudia kupinda, wakaona kwamba anayepaswa kufundishwa ni yule anayemlaza mtoto usiku. Hilo ndilo alilorudi nalo. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuvigusa viatu vile nyumbani kwetu. Hata mume wangu, alipomwonea huruma binti yake, alifukuzwa chumbani na mama yake mzazi.

Machi 2020, usafiri wa umma uliposimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hatukuweza kufika hospitalini. Musawo alitupigia simu, akatuagiza tuchore nyayo za mtoto kwenye karatasi, tupime kwa rula, tumtumie vipimo, ili ajue lini viatu vitakuwa vidogo. Leo binti huyo yuko shule ya msingi, na viatu vyake huisha soli kwa kukimbia kama vya wenzake.

Mengine yaliyobadilika

Mguu kifundo ni mfano mmoja tu. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka wazee wetu walioumwa kiuno wakaamriwa kulala kitandani wiki nzima, bila kuinuka. Mwaka 1995 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Finland kwa wafanyakazi wa mji wa Helsinki waliokuwa na maumivu mapya ya mgongo. Wengine walilazwa siku mbili, wengine walipewa mazoezi maalumu, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao za kila siku kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi zaidi. Mtabibu ambaye bado humwambia mama mwenye maumivu ya kawaida ya kiuno alale siku saba, anamtibu kwa elimu iliyokwisha kuachwa.

Au chukua kiharusi. Ni kweli kwamba mgonjwa asiachwe kitandani muda mrefu. Lakini bidii nayo ina kipimo chake. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, ambayo yalionyesha kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24 za mwanzo, na kumzoesha kwa wingi, kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Kumwinua kwa vipindi vifupi vya mara kwa mara kulionekana kuwa na heri zaidi. Hakuna mtu ambaye angeweza kulijua jambo hilo kwa huruma au kwa uzoefu peke yake. Ilibidi lipimwe, liandikwe, kisha lifundishwe kwa wale ambao tayari walikuwa kazini.

Leseni na alama

Kwa sababu hizo, nchi nyingi hazitosheki na cheti cha chuo. Hapa Uganda sheria ya mwaka 1996 iliweka baraza linalowasajili watabibu wa viungo pamoja na wataalamu wengine wa afya, na leseni ya kazi huhuishwa kila mwaka. Jirani zetu wa Kenya walipitisha sheria ya watabibu wa viungo mwaka 2014, nayo ikaunda baraza lao wenyewe. Katika jimbo la California, Marekani, mtabibu hutakiwa kuonyesha saa 30 za masomo katika kila miaka miwili. Australia hutaka saa 20 kila mwaka. Uingereza haihesabu saa. Humtaka kila mtu atunze kumbukumbu za alichojifunza, na katika kila awamu ya kuhuisha leseni huchaguliwa wachache kwa bahati nasibu, waeleze elimu hiyo imewafaidia nini wagonjwa wao.

Naipenda njia hiyo ya mwisho kuliko zote. Kuhesabu saa ni rahisi, lakini saa hupima kiti tu. Kazini kwangu nimepokea karatasi nyingi za mahudhurio zilizojaa saini nzuri, na sikuona hata moja iliyouliza: umerudi na nini? Semina ya musawo wetu ilirudi na swali moja, "Nani hulala na mtoto?", na swali hilo lililinda miguu miwili. Nyingine hurudi na mkoba, kalamu na fulana. Zote mbili huandikwa alama sawasawa.

Tuwe na haki pia kwa watabibu wenyewe. Aliyeko mji mkuu hutoka kazini saa kumi akaingia mhadhara saa kumi na moja. Aliyeko hospitali ya mpakani husafiri siku nzima, mara nyingi kwa fedha zake, na pengine yeye ndiye mtabibu wa viungo pekee pahali pale, hivyo akiondoka idara yote hufungwa. Masomo ya simu na kompyuta yamepunguza mzigo huo, na ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kuna mambo ambayo hayafundishiki kwa kutazama. Ili kidole gumba kihame, lazima mwalimu asimame karibu, akishike kidole cha mwanafunzi, akiweke panapostahili. Mimi niliyefundisha watoto kuandika herufi ya kwanza najua hivyo.

Napendekeza mambo matatu kwa wakuu wa hospitali zetu. Kwanza, tarehe za mafunzo zitangazwe kwa wagonjwa majuma mawili kabla, ili mtu asisukume baiskeli kilomita nyingi kuja kusoma karatasi mlangoni. Pili, anayerudi kutoka mafunzoni apewe saa moja ya kuwafundisha wenzake, wauguzi wakiwamo, kabla ya posho yake kufungwa kwenye hesabu. Tatu, walimu wapelekwe wilayani mara kwa mara, badala ya kila mtabibu kuvutwa mjini.

Wajibu wetu nyumbani

Nasi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Unapompeleka mgonjwa kwa mtabibu wa viungo wa kulipia, una haki ya kuomba kuiona leseni yake ya mwaka huu, na mtabibu wa kweli hatachukizwa. Usitoke chumbani mwake bila kuuliza maswali haya: Nyumbani tufanye nini? Mara ngapi kwa siku? Ni dalili gani itatufanya tuache na turudi kwako upesi? Akikupa jibu, umwombe akuonyeshe, kisha ufanye mbele yake akusahihishe. Mpeleke pia yule anayemhudumia mgonjwa hasa, awe bibi, kaka au msichana wa kazi, hata kama mlipaji ni mwingine.

Mgonjwa wa kiharusi msimvute kwa mkono uliolegea mnapomwinua. Bega lake halina nguvu za kujishikilia, na maumivu ya bega hilo huweza kumsumbua miezi mingi. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda apelekwe hospitalini katika majuma ya mwanzo, ingawa wazee watasema utanyooka wenyewe. Mama mwenye maumivu ya kiuno aendelee na kazi nyepesi. Lakini maumivu yakifuatana na miguu kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo, asingoje kesho.

Na ukikuta mlango umefungwa na karatasi inasema mtabibu yuko mafunzoni, usikasirike upesi, wala usinyamaze. Ngoja arudi, umsalimu vizuri, kisha umwulize kama mwalimu anavyomwuliza mwanafunzi wake: "Musawo, umetuletea nini?" Wengi wao watafurahi kuulizwa. Na yule ambaye hana jibu, atakwenda semina ijayo akijua kwamba huku nyumbani kuna watu wanaomngojea.